Tabora kama Kibwagizo: Kukisoma Tena Kitabu cha Tippu Tip

Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule ambaye watu wa bara na pwani walimwita Tippu Tip, aghalabu husomwa mbio. Mwanahistoria hukifungua akitafuta majina ya watemi na hesabu ya pembe. Mwanaisimu hukitafutia Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19, kabla hakijapigwa randa na kamati za usanifishaji. Msomaji wa kawaida naye hufuata vita, kwa kuwa vita vimesimuliwa vizuri. Wote watatu huruka mahali pamoja. Huruka zile sehemu ambazo msafara umetua, mizigo imewekwa chini, na msimulizi hana la kusema ila kwamba walikaa. Na katika kukaa huko kuna jina moja linaloandama maisha ya Hamed tangu ujana wake, nalo ni Tabora.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba Tabora, ndani ya kitabu kile, inafanya kazi ambayo kibwagizo hufanya ndani ya shairi. Si pambo la njiani wala si pumziko tupu. Ni mahali ambapo safari moja hufa na nyingine huzaliwa, na ambapo msafiri hulazimika kuanza upya hata kama hakukusudia. Anayezisoma sehemu za vita peke yake anasoma mishororo mitatu ya kila ubeti na kuuacha wa nne.

Kwanza, kitabu chenyewe. Hamed alikiandika kwa herufi za Kiarabu katika miaka yake ya mwisho, akiwa amekwisha kutulia Unguja, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode aliyageuza maandishi kuwa ya herufi za Kilatini, akayatia tafsiri ya Kijerumani, na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903 katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin. Mwandishi alifariki mwaka 1905. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanakijua kitabu hicho kupitia chapa ya W. H. Whiteley ya 1958–59, yenye Kiswahili na Kiingereza. Habari hizi za uchapaji huonekana kama vumbi la maktaba, lakini zina uzito wake, nazo zitarejewa.

Pili, maneno. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufunzwa maana ya kituo. Ni mshororo wa mwisho wa ubeti, pale ambapo mwimbaji hupata pumzi na wasikilizaji hujua kuwa jambo limetimia. Lakini asili ya neno ni kitenzi kutua, na kutua ni kazi ya bega kabla ya kuwa kazi ya sauti. Mpagazi hutua mzigo, jua hutua, ndege hutua juu ya tawi. Kutoka huko tukapata kutulia na utulivu. Kibwagizo kadhalika kimetokana na kubwaga, na atakayebwaga lazima awe amebeba. Wazee wa Mrima hulifasili jina la Bagamoyo kwa kitenzi hichohicho: pale ndipo watu walipobwaga moyo, wengine kwa faraja ya kufika na wengine kwa kukata tamaa. Hata mizani, ambayo mtunzi wa leo huihesabu kwa vidole, ilikuwa kwa babu zake chombo cha kupimia pembe kwa frasila. Si lazima kudai kwamba istilahi za ushairi zilizaliwa katika njia ya misafara. Inatosha kuona kwamba lugha haikuona tabu kumvika mpagazi na mshairi nguo moja.

Sasa Tabora yenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ulikuwa mwendo wa kilomita zipatazo 800, na msafara uliobahatika ulichukua kama miezi mitatu. Njiani mlikuwa na Ugogo na hongo zake, ambako kila mtemi alidai nguo kabla ya kuruhusu maji. Kisha mlikuwa na Mgunda Mkali, nyika ambayo jina lake linatosha kuieleza. Baada ya hapo ndipo nchi ilipofunguka: mtama, mpunga, ng'ombe, visima, na tembe za Waarabu zenye dari bapa na ua katikati, zilizotawanyika Kazeh, Kwihara na Ituru. Tabora haikuwa mji mmoja wenye ukuta na lango. Ilikuwa mkusanyiko wa makazi ndani ya himaya ya mtemi wa Unyanyembe, na wageni walikaa hapo kwa ridhaa yake, hata pale walipojisahau.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba njia iligawanyika hapo. Magharibi ilikwenda Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika. Kaskazini ilikwenda Karagwe na Buganda. Kusini-magharibi ilikwenda Ufipa, na mbele yake Itabwa kwa Nsama. Mtu aliyetoka pwani kwa njia moja alifika mahali ambapo njia moja haikuwapo tena. Kutua kulimtaka achague, na kuchagua kulimtaka ahesabu upya alichonacho.

Palikuwa na sababu nyingine ya kutua, na hiyo vitabu vya wakubwa huitaja kwa haraka na kwa hasira. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliobeba kwa ujira, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, juu ya bega au kichwani. Mapatano yao yalikuwa ya kutoka pwani hadi kwao. Wakifika Unyanyembe wamefika nyumbani. Hutua mzigo, huchukua haki yao, na kwenda kwa wake zao na mashamba yao. Na mvua zikiwa karibu, hapana nguo wala ushanga wa kuwazuia. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh Novemba 1857, msimu wa jembe ukianza, wakajikuta na mali nyingi na mabega machache. Wakakaa wiki kadhaa, wakihudumiwa kwa ukarimu na Snay bin Amir, huku Burton akilalamika katika maandishi yake kuhusu uvivu wa watu ambao kwa hakika walikuwa shambani wanalima.

Hapa panahitaji kusimamiwa kidogo. Msafara uliotoka Tabora haukuwa ule ulioingia. Wapagazi walikuwa wengine. Mizigo ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya, merikani upande huu na kaniki upande ule, ushanga ukachambuliwa rangi kwa rangi, kwa kuwa nchi moja ilitaka mwekundu na nyingine isiutazame. Deni la Mhindi wa Unguja lilikuwa limehesabiwa tena dhidi ya pembe zilizotazamiwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaueleza mtandao huu wa mikopo na maandalio ya safari kwa utulivu ambao Hamed hana. Na anayetaka kujua safari ilivyofungwa na kufunguliwa angefanya vyema kuvisoma vitabu hivi viwili pamoja. Hamed ni msimulizi bora. Mtoro ni mwangalizi bora.

Ubora wa Hamed uko katika mazungumzo. Hakuna mwandishi wa nathari ya Kiswahili wa zama zake anayempita katika kusimulia jinsi watu wawili wanavyopimana kwa maneno: mtemi anayetaka zawadi na mgeni anayejifanya hana kitu, mjumbe anayeleta barua yenye maana mbili, mzee anayeshauri subira na kijana asiyetaka kuisikia. Huko hupoteza kurasa, na hukosei kumruhusu. Lakini akifika Tabora usimulizi hukunjika. Miezi hupita katika sentensi moja. Wahakiki wameona ufinyu huo wakadhani kuwa hapakuwa na jambo. Kinyume chake ndicho kilicho sahihi: jambo lilikuwa kubwa na la kawaida mno, kiasi kwamba msimulizi hakuona haja ya kulieleza kwa watu waliolijua. Nani atamweleza mwimbaji wa pwani kuwa baada ya mshororo wa tatu huja wa nne?

Tazama jinsi jina hilo linavyorudi. Mara ya kwanza Hamed anafika Tabora akiwa kijana chini ya mkono wa baba yake, Muhammed bin Juma, mfanyabiashara aliyekwisha kuweka makazi huko na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo mahali ambapo wengine walikuta kituo, yeye alikuta nyumba, na ndani yake mama wa kambo wa damu ya watemi. Fundikira alipofariki mwaka 1858, mrithi wake Mnywa Sele aligombana na Waarabu juu ya ushuru. Akafukuzwa, Mkasiwa akatawazwa badala yake, na vita vikaendelea hadi Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Wageni wa Kizungu waliyaandika mambo hayo kama siasa ya wenyeji. Katika kitabu cha Hamed yana harufu ya ugomvi wa ukoo, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa kwake.

Kisha kijana huyo huyo anapita njia zile akiwa mfanyabiashara mwenye mali ya kukopa, mwenye sauti yake mwenyewe na jina lililotangulia mbele, baada ya kumshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867. Kisha tena, mwanzoni mwa miaka ya 1880, anatokea magharibi baada ya safari ya miaka 12 hivi, akiwa bwana wa Manyema, na pembe zisizobebeka kwa mkupuo mmoja. Waarabu wa Tabora walikuwa na uadui na Mirambo tangu vita vya 1871. Hamed alikuja kutoka upande mwingine wa dunia, hakuubeba ugomvi ule kama ulivyokuwa, akapatana na Mirambo. Akafika Unguja mwaka 1882.

Mji ni uleule na kitenzi cha kukaa ni kilekile, lakini anayekaa si yule. Hii ndiyo siri ya kibwagizo, ambayo watunzi wengi wa sasa wameisahau. Kibwagizo hakibadiliki neno hata moja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na watu wasiojua ushairi hukiona kama uvivu wa mtunzi. Lakini mtunzi hodari hupanga mishororo mitatu ya mwanzo hivi kwamba kila mara mshororo uleule unapofika, umebeba mzigo mwingine. Katika ubeti wa kwanza ni taarifa. Katika wa nne ni swali. Katika wa nane huenda ukawa kilio. Pale ambapo mishororo ya mwanzo haiongezi kitu, kibwagizo hugeuka kuwa mbao ya kugongea, na tungo nyingi zinazoletwa kwenye mashindano ya mashairi siku hizi zina ugonjwa huo: vina vimetimia, mizani imetimia, na mtu anayetua mwishoni mwa ubeti ni yuleyule aliyetua mwishoni mwa ubeti uliopita. Hajaanza upya. Amerudia tu.

Ushahidi wa nguvu zaidi wa hoja hii uko katika safari moja ambayo Hamed hakupita Tabora. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alimtaka aende naye Kongo katika msafara wa kumwokoa Emin Pasha, na wakapatana kwamba Hamed awe gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji, kisha atoe wapagazi. Hawakupita bara. Waliondoka Unguja Februari kwa meli iitwayo Madura, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kabla mwezi wa Machi haujaisha wakawa kwenye mdomo wa mto Kongo. Mtu aliyezoea kufika Manyema baada ya miezi na miezi, akitua na kufunga mizigo upya kila hatua, safari hii alikwenda kama barua. Hakupata Tabora ya kupimia mapatano, wala tembe ya baba ambamo angeulizia wapagazi wangapi wanapatikana, kwa ujira gani, na katika msimu upi.

Yaliyofuata yanajulikana. Stanley aliwaacha nyuma kundi la watu huko Yambuya, Juni 1887, wangojee wapagazi wa Hamed. Wapagazi hawakuja kwa wakati wala kwa idadi. Kundi lile lilikaa mwaka mzima. Lilikaa, lakini mtu angesita kuuita mkao huo kituo. Hawakuwa na shamba lao. Walikula muhogo mchungu usiotayarishwa vyema, wakafa kwa njaa na maradhi, na wengi wa waliokufa walikuwa watu wa Unguja. Kiongozi wao, Meja Barttelot, aliuawa Julai 1888. Baadaye Stanley alimtupia Hamed lawama, na shauri likapelekwa mbele ya mahakama ya kibalozi Unguja. Kiini chake, ukiyaondoa majina makubwa, kilikuwa kilekile cha Kazeh mwaka 1857: mabega ya watu hayaji kwa sababu yameandikwa katika mkataba. Hamed aliijua kanuni hiyo kuliko Mzungu yeyote, na bado alitia saini. Pengine meli ilikwenda upesi mno. Aliporudi Unguja mwaka 1891 alikuja kwa njia ya zamani, kwa miguu, kupitia Unyanyembe.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba Tabora ilikuwa neema kwa kila aliyetua. Haikuwa hivyo, na ndipo kitabu cha Hamed kinapostahili kulaumiwa. Wapagazi, ambao jembe lao ndilo lililoamua ni lini msafara usimame, wanatokea kitabuni kama idadi. Hawana majina, isipokuwa pale wanapotoroka na kumtia bwana hasara. Ilhali wao ndio waliokuwa mafundi wa jambo hili la kutua na kuanza upya. Mnyamwezi alibeba kiangazi na kulima masika, akabeba tena. Aliweza kumwambia tajiri wa Unguja kwamba safari imekwisha, na ikaisha. Kiongozi wa msafara, aliyetangulia na kilemba chake na bendera, ndiye aliyejua maji yako wapi. Kitabu kimemchukua begani na hakikumtua popote kwa jina lake.

Juu ya mateka kitabu kina ukimya mzito zaidi. Mpagazi alitua mzigo. Mtumwa alituliwa kama mzigo. Kwa aliyeletwa kutoka ng'ambo ya Tanganyika akiwa amefungwa, Tabora ilikuwa mahali ambapo alibadilishwa mikono, au alipobakizwa kulima mashamba ya tembe ili misafara ya wengine ipate mtama. Kusimama kwake hakukumpa nafasi ya kuhesabu kitu, maana yeye mwenyewe alikuwa ndani ya hesabu. Hamed anasimulia kutwaa watu katika vita kwa sauti ileile anayosimulia kutwaa pembe, wala haoni kwamba amebadilisha kitu. Ikumbukwe pia aliandika baada ya 1897, mwaka ambao hali ya utumwa iliondolewa nguvu ya sheria Unguja; bara Tanganyika ilichukua hadi 1922. Alikuwa mtu aliyekalia magofu ya biashara yake. Angeweza kusema neno. Udhuru wa kwamba kila mtu wa zama zake alinyamaza hausimami, kwa sababu kunyamaza kwa mtu mwenye ulimi kama wake kulikuwa uchaguzi.

Hata hivyo baadhi ya wale walioletwa kwa nguvu walibaki Tabora na Ujiji, wakazaa, wakajenga mitaa, na watu waitwao Wamanyema wakawa sehemu ya miji hiyo isiyoweza kutengwa nayo. Hao walianza upya bila kuulizwa kama walitaka kutua. Hakuna kitabu cha aina ya Maisha kilichoandikwa na mmoja wao kwa wakati ule, na pengo hilo ni la fasihi nzima, si la Hamed peke yake.

Methali zetu hazisaidii sana katika jambo hili. Mwenda pole hajikwai, husemwa. Lakini hiyo ni sifa ya mwendo, haisemi lolote kuhusu kusimama. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, hujibu upande wa pili. Anayetaka kuutetea utulivu atachukua ya kwanza na anayetaka kuukemea atachukua ya pili, na wote wawili wataondoka wameridhika. Njia ya misafara ilikuwa na akili zaidi ya hapo. Iliuliza mtu anafanya nini wakati mzigo uko chini.

Mfano wa David Livingstone unafaa kwa sababu ni wa kushindwa. Alifika Kwihara Februari 1872 pamoja na Stanley, mgonjwa, mzee kuliko umri wake. Stanley alimsihi arudi kwao Uingereza apate nguvu kisha aanze tena. Alikataa. Stanley aliondoka katikati ya Machi, na Livingstone akabaki Kwihara hadi tarehe 25 Agosti, akingojea watu 57 ambao Stanley alimpelekea kutoka pwani. Miezi mitano si michache. Lakini aliitumia kungoja, na alipoondoka aliondoka kwa nia ileile, ramani ileile yenye makosa kuhusu chanzo cha Nile, na mwili uleule uliochakaa. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa mapya. Akafa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Tembe ya Kwihara imejengwa upya na kufanywa makumbusho yake, na mgeni huonyeshwa mahali alipokaa. Lipo pia swali ambalo makumbusho hayaulizi: alikaa, lakini je, alitua?

Waliotua ni watumishi wake. Abdallah Susi na James Chuma, na Jacob Wainwright pamoja nao, waliukausha mwili wa bwana wao, wakaufunga, wakaubeba hadi Unyanyembe, Oktoba 1873. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, naye akashauri azikwe papo hapo. Lilikuwa shauri la busara, na lilitoka kwa mtu mwenye cheo. Walilikataa. Baada ya kuondoka Unyanyembe wakafika Kasekera, ambako wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi watu wale wakafanya lililo fundisho lote la njia ya misafara kwa tendo moja: wakafungua mzigo, wakaufunga upya kwa umbo la robota la nguo, na wakatengeneza mzigo mwingine wa uongo, wakaurudisha Unyanyembe kwa matangazo kwamba wameamua kumzika huko. Kisha wakaendelea na safari. Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Katika fasihi ya safari za bara hakuna kisa kinachoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya kusimama na kukoma, nacho kimehifadhiwa kwa Kiingereza tu, kwa kuwa Susi na Chuma walimsimulia Horace Waller alipokuwa akihariri shajara za Livingstone. Kiswahili walichokitumia wao kwa wao usiku ule wa Kasekera hakikuandikwa.

Hapo ndipo habari za uchapaji zinaporejea. Mwandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, katika zama za Hamed, kwa kawaida hakutia vituo vya aina ya nukta na mkato kama vile tunavyovijua. Maneno yalifuatana mstari kwa mstari, na pumzi ilikuwa kazi ya msomaji. Nukta zilizomo katika chapa ya Brode, na aya zilizohesabiwa kwa tarakimu katika chapa ya Whiteley, ni kazi ya wahariri. Wao ndio walioamua Hamed apumue wapi. Mara nyingi waliamua vyema. Lakini walikata kwa kufuata matukio: vita vikianza, aya mpya, mtemi mwingine akitokea, aya mpya. Kule kukaa kwa Tabora kumemezwa ndani, aghalabu kati ya aya moja na nyingine, kama mshororo wa nne ulioandikwa kwa herufi ndogo.

Mhariri atakayekitoa kitabu hiki tena kwa wasomaji wa Kiswahili, na wakati umefika kitolewe bila tafsiri ubavuni, ana jambo la kulipima. Masimulizi yenyewe yana alama zake za kutua, nazo ni vitenzi: tulikaa, tulitua, tulifunga, tulishika njia. Msomaji akiyasoma kwa sauti, kama yalivyoandikwa yasomwe, huzisikia kabla ya kuziona. Ikiwa aya zitafuata vitenzi hivyo badala ya kufuata vita, kitabu kitabadilika sura: Nsama atakuwa mfupi, Stanley mfupi zaidi, na Ituru, kwa baba na Karunde, patatokea mwanzoni mwa sehemu baada ya sehemu, patupu, pakingoja wapagazi warudi kutoka mashambani.